Jiwe Lilinikuta: Tunayoyakosea Kuhusu Historia ya Walutheri wa Dodoma

Kikao cha kwanza cha kamati yetu ya historia kilivunjika kwa sababu ya mwaka mmoja. Usharika ulikuwa unajiandaa kwa jubilei, vitenge vimeshaagizwa, na kijitabu kinasubiri sentensi yake ya kwanza: "Usharika wetu ulianza mwaka..." Mzee mmoja wa kanisa akatoka nje, akalisoma jiwe la msingi, akarudi na jibu. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa pembeni akifuma kitambaa akasema bila kuinua macho: "Baba, jiwe lilinikuta."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiokota mambo ambayo Walutheri wa mji huu na majirani zao huyasema kwa uhakika mkubwa kuhusu asili yetu. Mengine ni ya kuchekesha tu. Mengine nusura yachapwe.

"Mwaka ulio kwenye jiwe ndio mwaka wa kuzaliwa usharika"

Jiwe linajua jambo moja: siku fulani mgeni rasmi alikuja, akashika mwiko, kwaya ikaimba, saruji ikapakwa. Halijui yaliyotangulia.

Kwa kawaida ya KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, watu huanza kwa kusali pamoja sebuleni kwa mtu, chini ya mti au kwenye darasa la shule. Wakiongezeka wanakuwa mtaa chini ya usharika mama, wakiwa na mwinjilisti wao. Mtaa ukikomaa, ukaweza kumtunza mchungaji, unapandishwa kuwa usharika. Hapo tayari kuna tarehe tatu, na jengo linaweza kuangukia kabla au baada ya yoyote kati ya hizo. Kuna waliopandishwa hadhi wangali kwenye banda la mabati. Kuna na waliohamia jengo jipya wakaanza kuhesabu umri upya, kama mtu aliyehamia nyumba mpya akadai kazaliwa juzi.

Anayetaka mwanzo atafute daftari la ubatizo na kumbukumbu za vikao. Ila awe mwangalifu: watoto wa mwanzo wa mtaa huandikwa kwenye daftari la usharika mama, si kwenye daftari linalokuja kufunguliwa baadaye. Sisi tulipoteza wiki mbili tukipekua daftari letu wenyewe, tukidhani kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa.

"Ulutheri ni kanisa la Wachaga, Dodoma uliletwa na wenye maduka kutoka Moshi"

Hii ndiyo inayosemwa zaidi, na inasemwa hata na Wachaga wenyewe, tena kwa fahari kidogo. Punje ya ukweli imo: watu wa Kilimanjaro wamejaa kwenye sharika za mjini, na misioni ya Leipzig, ya Walutheri wa Ujerumani, ilifika kwao mwaka 1893. Lakini misioni ya Berlin ilikwishafika nyanda za juu kusini mwaka 1891, Dar es Salaam Walutheri walikuwapo tangu 1887, na Usambara nako kulikuwa na Wajerumani wasiokuwa wa Leipzig. Kilimanjaro haikuwa hata ya kwanza.

Jambo linalonikera zaidi ni kwamba tunawasahau majirani zetu. Misioni ya Leipzig iliingia Iramba, huko Singida, kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Kwa hiyo Mnyiramba na Mnyaturu si wageni kwenye Ulutheri. Walilelewa nao huko huko kwao, kwa lugha zao, na hospitali yao ya Iambi iko mpaka leo. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa 7 ya Kilutheri yalipoungana na kuwa kanisa moja ambalo leo tunaliita KKKT, kanisa la Tanganyika ya Kati, lile la Singida, lilikuwa mojawapo ya hayo saba. Lilikaa mezani sawa na Kaskazini, sawa na Buhaya, sawa na Usambara. Leo ni Dayosisi ya Kati. Mtu wa Singida anayekuja kufanya kazi Dodoma na kusali Jumapili amekuja na kanisa lake mkononi. Hakulipokea kwa mwenye duka.

Hata wakuu wa kanisa hawakutoka sehemu moja. Wa kwanza, Askofu Stefano Moshi, alikuwa wa Kilimanjaro kweli. Aliyemfuata, Sebastian Kolowa, alikuwa wa Usambara, na baada yake akaja Samson Mushemba wa Bukoba.

"Wamisionari wa Kijerumani walijenga Dodoma kama walivyojenga Moshi"

Rasimu yetu ya kwanza ilikuwa na aya nzima ya namna hii. Aliyeiandika alichukua historia ya Kidia, kituo cha misioni cha huko Moshi, akabadilisha majina ya milima.

Ugogo, yaani eneo hili la Dodoma, ulikuwa wa Waanglikana. Wamisionari wa CMS, chama cha misioni cha Waanglikana wa Uingereza, walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, wakiwa njiani kwenda Uganda, wakaweka kituo. Mvumi ikafuata. Misioni za Kiprotestanti zilikuwa na utaratibu wa kugawana maeneo ili zisigombanie waumini mbele ya watu waliokuwa wanaanza tu kuisikia Injili. Anayelima huku halimi kule. Mwaka 1927 Dayosisi ya Kianglikana ya Tanganyika ya Kati ilipoanzishwa, askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitoka Australia, na ndiyo maana wazee wengi wa Mvumi na Kongwa wanawakumbuka Waaustralia zaidi kuliko Waingereza wa Uingereza.

Kwa hiyo Mlutheri wa Dodoma mjini hakuzaliwa na kituo cha misioni. Hakuna nyumba ya kale ya mmisionari ya kuwaonyesha wageni, hakuna kaburi lenye maandishi ya Kijerumani uani. Mji wenyewe ulikua kwa reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika hapa mwaka 1910. Walutheri walikuja kama watu wa mji wowote wa stesheni wanavyokuja: kwa kazi, kwa uhamisho, kwa ndoa, kwa biashara. Walikuja wakiwa wamekwisha kubatizwa kwingine. Hilo linaifanya historia yetu iwe ngumu kuiandika, maana hakuna aliyekuwa anatuma taarifa Ulaya kila baada ya miezi mitatu.

Halafu kuna kichekesho ambacho nilikisoma mara mbili kabla ya kukiamini. Huko Moshi kwenyewe waliotangulia walikuwa CMS, Waanglikana hawa hawa wa Mpwapwa. Waligongana na utawala wa Kijerumani, wakalazimika kuondoka mwaka 1892, na Leipzig wakaingia mwaka uliofuata. Mambo yangekwenda vingine kidogo, Mchaga angekuwa Mwanglikana, na kule kikaoni tungekuwa tunabishana kuhusu kitu kingine.

"Wajerumani walipofukuzwa, kanisa lililala mpaka waliporudi"

Baada ya Vita ya Kwanza wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini. Maeneo ya Leipzig yalishikiliwa na Wamarekani wa Sinodi ya Augustana, kanisa lililoanzishwa mwaka 1860 na wahamiaji kutoka Sweden. Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katika miaka ya 1920, Augustana walihamishia nguvu zao Iramba na Singida. Ndiyo sababu Ulutheri wa Kanda ya Kati, ule uliokwenda mjini na watu wa Singida, una sura ya Kimarekani yenye asili ya Skandinavia zaidi kuliko ya Kijerumani. Vita ya Pili ilipokuja, Wajerumani waliwekwa tena kizuizini, na Augustana wakabeba mzigo tena.

Lakini wageni wakiwa wawili au watatu kwenye eneo la kutembea siku nne, nani alikuwa anafundisha katekisimo kijijini? Nani alizika? Walimu na wainjilisti Waafrika. Kwenye picha za zamani wamesimama mstari wa nyuma, na chini ya picha pameandikwa jina la Mzungu aliyekaa katikati.

"Walutheri wa Dodoma wameletwa na serikali"

Wamezidishwa, ndiyo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika mwaka 1973, msukumo wa kuhama kwa vitendo ukaja mwaka 2016, na Aprili 26, 2018 mji ukatangazwa kuwa jiji. Ibada ya pili ikajaa, maegesho yakawa tatizo, na mnada wa mazao baada ya ibada ukapata watu wanaonunua kuku mmoja kwa bei ya mbuzi. Lakini kujaa na kuanza ni mambo mawili.

"Luther alipigilia hoja 95 mlangoni kwa nyundo, akaanzisha dini yake"

Vijana wetu walitengeneza mlango wa plaiwudi kwa ajili ya igizo la jubilei. Nyundo ilikuwa ya kweli, na mpigaji alipata makofi mengi kuliko mhubiri.

Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba tarehe 31 Oktoba 1517 Martin Luther, mtawa na mwalimu wa chuo cha Wittenberg, aliandika barua kwa Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz akapeleka na hoja zake. Habari ya mlangoni tunaipata kwa Melanchthon, mwalimu mwenzake, aliyeiandika baada ya Luther kufa mwaka 1546, na yeye mwenyewe alifika Wittenberg mwaka 1518. Hakuwapo. Huenda mlango ulitumika kweli, maana ulikuwa kama ubao wa matangazo wa chuo, lakini ushahidi wa siku ile ni barua. Kuhusu kuanzisha dini: Luther alitaka kulitengeneza kanisa alilokuwamo, na aliwaomba watu wasijiite kwa jina lake. Hilo hawakumsikia, na sisi tumo.

Na kwa vijana wa kipaimara: hapana, si yule wa Marekani aliyepigwa risasi. Martin Luther King alikuwa Mbaptisti. Baba yake, aliyeitwa Michael, alikwenda Ujerumani mwaka 1934, akarudi na jina jipya kwa ajili yake na mwanawe.

Kuhusu bibi wa kitambaa, tulimfuata nyumbani. Hakumbuki mwaka. Anakumbuka kwamba alikuja na mume wake aliyekuwa mfanyakazi wa reli, wakakuta familia tatu zinasali sebuleni, na yeye alikuwa na mimba ya mtoto wa pili. Mtoto huyo tulimkuta kwenye daftari la usharika mama, wino umefifia lakini jina linasomeka, na tarehe ya ubatizo imelitangulia jiwe kwa miaka mingi. Furaha ikatujaa. Tukampigia simu huyo mtoto, sasa mzee mwenye wajukuu anayeishi Mwanza, tumwulize alizaliwa lini hasa.

Akasema cheti chake cha kuzaliwa kinasema mwaka mwingine, kwa sababu ya shule.