Wataharibu Tu

Juzi nimeisikia tena. Chai ya saa nne, mandazi, mchoro wangu wa bustani ya mtaa ukutani, na mhandisi mmoja wa makamo akanyoosha kalamu: "Hapo wekeni uzio kwanza, la sivyo watu wa mtaa wataharibu tu." Wenzake wakaitikia. Mimi nikamaliza mandazi yangu, maana nikibishana na njaa hubishana vibaya.

Sasa nimeshiba.

Mnaopenda hiyo "wataharibu tu", nendeni Dandora, mtaa wa mashariki mwa Nairobi. Ulikuwa mradi wa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: familia inapewa kiwanja na huduma za msingi, inajijengea yenyewe, na nyumba zinazunguka ua wa pamoja, ambao Nairobi tunauita koti. Kwenye karatasi, koti lilikuwa la kuchezea watoto. Baadaye mengi yakawa ya takataka na maji machafu. Watu waliharibu? Haikuwa wazi nani atafagia. Lilikuwa la umma, na umma haushiki ufagio. Baada ya 2010, vijana wa hapo hapo walianza kuzoa taka, kupaka rangi na kupanda majani, kila nyumba ikichanga kidogo. Mengine wakayawekea geti.

Ndiyo, geti! Mhandisi wangu angefurahi. Lakini hapa ndipo ninapokereka, kwa sababu chuma ni kile kile, swali ni ufunguo uko kwa nani. Kuna bustani niliyoishughulikia ambayo mfadhili alidai uzio wa waya, na ufunguo ukakabidhiwa mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti akaenda mazishi ushago, akakaa wiki mbili. Watoto wangefanya nini? Walipanda uzio. Waya ukalegea, nguzo moja ikainama, na ripoti ya mwezi ule ikasema "uharibifu uliofanywa na wakazi". Nilikataa kuitia sahihi. Uzio ule ndio ulioleta uharibifu uliotakiwa kuuzuia. Tungempa ufunguo mama mboga anayefungua genge lake saa kumi na mbili asubuhi kila siku ya Mungu, tusingepoteza hata nguzo. Yeye hakuwa kwenye kamati. Hakuwa na muda wa kukaa kwenye kamati.

Sitawadanganya, minyororo ya bembea iliibwa. Wiki ya tatu. Mnunuzi wa vyuma chakavu yuko hatua chache kutoka pale, na chuma kilo ni pesa. Tulifunga kamba na matairi, tukaomba stendi ya bodaboda isogee ielekeane na bembea. Hakuna aliyehubiriwa uzalendo. Matairi bado yapo.

Mifereji, gabioni (vikapu vya waya vya mawe), mteremko, miti inayovumilia kukojolewa: hayo fundi yeyote mzuri atakueleza.

La pesa je? Pale Kibera, shirika la usanifu la KDI (Kounkuey Design Initiative) limekuwa likijenga na vikundi vya wakazi kando ya vijito vinavyomwaga maji kwenye Mto Ngong, na ukienda utaona uwanja wa watoto umekaa pamoja na choo, maji na vibanda. Mgeni huuliza kwa nini bustani ina choo. Kwa sababu choo kinaingiza shilingi, na shilingi ndiyo inayomlipa anayefagia. Hilo naliamini. Linalonikosesha usingizi ni upande wake wa pili: choo kikianza kulipa vizuri, kikundi huanza kulinda choo, na bustani inakuwa ukumbi wa kungojea foleni. Nimeona hivyo, na sijapata dawa.

Halafu hii "tumeshirikisha jamii". Jamii gani inayokuja barazani Jumanne saa nne asubuhi? Wenye nyumba, wazee, na sisi wa posho. Wapangaji, ambao Kibera ndio wengi, wako vibaruani Industrial Area. Nilicheka niliposikia kuwa UN-Habitat, tangu 2012, inawakalisha wakazi wachore viwanja kwa mchezo wa kompyuta wa Minecraft, Dandora ikiwemo. Sicheki tena. Kwenye kioo cha kompyuta, msichana wa miaka kumi na sita anaweza kubomoa ukuta wa mzee bila kumtukana mzee. Barazani hawezi hata kuutaja.

Lakini hata huko, anayealikwa ni yule ambaye bado anaishi pale. Baada ya mafuriko ya 2024, serikali iliamuru wanaoishi ndani ya mita 30 kutoka mitoni wahame, na nyumba zikabomolewa Mathare na Mukuru. Ukingo wa mto unahitaji nafasi, sibishi. Maji yaliua watu. Ila sasa ninaletewa barua: tafadhali tuchoree bustani ya jamii kwenye ukingo uliosafishwa, kwa kushirikisha wakazi. Wakazi wa hapo wamesambaa. Baadhi wamepanga vyumba Kayole, baadhi wamerudi ushago, wengine sina namba zao.

Mkutano wa juzi ulikuwa wa barua mojawapo ya hizo. Mhandisi ameshapiga hesabu ya mita za waya. Nimemwomba anisubiri mwezi mmoja nikawatafute hao wa Kayole kwanza, akaniuliza watakuja kufanya nini huku, na kwao si huku tena.