Ukocha Hauhesabiwi Kuwa Muda wa Familia: Dhana Potofu za Viongozi wa Teknolojia Wanaofundisha Michezo

Viongozi wa kampuni za teknolojia wanaonijia kwa ushauri ni watu wa hesabu. Wanajua gharama za seva zao, wanajua wateja wangapi wamejiondoa mwezi uliopita, na wanajua mfumo ulizimika kwa dakika ngapi. Tukifika kwenye mambo ya nyumbani, wengi wao, ambao pia ni makocha wa timu za michezo za watoto wao, hunipa hesabu ambayo nimechoka kuisikia: mazoezi ni mara mbili kwa wiki, mechi ni Jumamosi, mtoto wao yumo kikosini, na kwa hiyo muda wa familia umetimia.

Haujatimia, na sababu inaonekana hapo hapo uwanjani. Kocha mwenye wachezaji 15 na mazoezi ya dakika 90 ana dakika 6 tu kwa kila mmoja, hata kama angegawa muda wake wote sawasawa bila kupanga koni wala kupuliza firimbi. Mzazi anayeogopa kuambiwa anampendelea mwanawe humpa pungufu ya hizo, na hizo chache nazo huishia kwenye kusahihisha makosa. Maureen Weiss na Susan Fretwell, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2005 kuhusu wavulana wanaofundishwa soka na baba zao, walikuta kwamba watoto hao wanaona faida za kweli, kama vile maelekezo ya kiufundi, sifa na kuwa pamoja na baba; lakini walieleza pia shinikizo, matarajio makubwa kuliko ya wenzao, na kulaumiwa. Akina baba, kwa upande wao, walikiri kwamba kutenganisha uzazi na ukocha kunawashinda. Wateja wangu husoma nusu ya kwanza ya matokeo hayo na kufunga ukurasa.

Kosa lao ni kudhani kwamba mgongano kati ya kazi na familia ni wa saa peke yake. Tangu mwaka 1985, watafiti Jeffrey Greenhaus na Nicholas Beutell walikwisha kuugawa katika mafungu matatu: unaotokana na muda, unaotokana na uchovu na msongo, na unaotokana na mwenendo, yaani tabia inayofaa upande mmoja inapoharibu upande mwingine. Kiongozi wa teknolojia anayefundisha timu ana pande tatu badala ya mbili: kazi, familia na timu. Sauti iliyofunga kikao cha hitilafu alasiri, ile isiyotaka maelezo marefu na inayodai chanzo cha tatizo kijulikane leo leo, huenda nayo uwanjani, kisha huketi nayo mezani wakati wa chakula cha jioni. Kalenda inaonyesha kwamba alikuwa nyumbani. Mtoto anajua kwamba aliyekuwa nyumbani ni kocha.

Yupo pia mtoto wa pili, yule asiyecheza, ambaye katika hesabu hii ya ajabu hupata sifuri, tena bila mzazi kuiona. Ninapouliza habari zake, jibu huwa kwamba na yeye huja kutazama mechi.

Ushauri wangu sijaubadilisha kwa miaka mingi, hata kama wengi huupokea kwa kukunja uso. Makosa ya mwanao uwanjani yasahihishwe na kocha msaidizi. Ndani ya gari, mkirudi kutoka kwenye mechi, mchezo usitajwe mpaka mtoto autaje mwenyewe. Asipoutaja, basi haukutajwa. Kisha utengwe muda mwingine ndani ya wiki, kwa kila mtoto, usio na mpira wala firimbi. Mteja asiyeweza kuniambia walizungumza nini na mtoto wake mara ya mwisho, nje ya habari za timu, sioni haja ya kuendelea kutazama kalenda yake.

Dhana ya pili, kwamba anayejua kuongoza wahandisi tayari anajua kufundisha watoto, hailingani na rekodi. Bill Campbell, mshauri wa viongozi wa teknolojia ambaye hutajwa sana katika mazungumzo haya, alikuwa kocha mkuu wa kandanda ya Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Columbia kuanzia 1974 hadi 1979, akashinda mechi 12, akapoteza 41 na kutoka sare moja. Baadaye aliingia Apple, akawa mkurugenzi mtendaji wa Intuit, kampuni ya programu za fedha, mwaka 1994, na akawashauri Steve Jobs wa Apple na Larry Page wa Google. Mwenyewe alisema kwamba alikosa ule ukali usiojali hisia ambao ukocha wa chuo unaudai. Moyo ule ule ulioshindwa katika kazi moja ulimfaa katika nyingine. Watoto nao wana mahitaji yao: katika utafiti uliochapishwa mwaka 1992 na Nancy Barnett, Frank Smoll na Ronald Smith kuhusu besiboli ya watoto, asilimia 26 ya waliofundishwa na makocha wasio na mafunzo hawakurudi msimu uliofuata, dhidi ya asilimia 5 ya waliofundishwa na makocha waliopewa mafunzo. Kiongozi asiyemruhusu mhandisi mgeni kugusa hifadhidata ya wateja hukubali kukabidhiwa watoto wa watu bila hata semina ya siku moja.

Kwamba kampuni itayumba bosi akiondoka mapema kwenda mazoezini, hilo ni kasoro ya mpangilio wa zamu za dharura, na dawa yake ni kuupanga upya. Aendaye na simu mkononi hajaondoka. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba sehemu ya fikra hubaki kwenye kazi iliyoachwa kabla ya kukamilika, na watoto hulitambua hilo upesi kuliko bodi ya wakurugenzi.

Kuhusu hoja kwamba mwenzi wao hajalalamika, huwauliza kitu kimoja: ratiba ya msimu ilipotoka, nani aliiona kwanza, mwenzi wako au katibu wako wa ofisini? Wanaojibu kwamba ni katibu nawaambia wasisaini kuchukua timu msimu ujao mpaka ratiba ipangwe upya na wote wawili.