Cheti cha amali cha michezo shuleni: maana yake na kinachosomwa

Cheti cha amali cha michezo ni cheti cha sekondari kinachomfundisha mwanafunzi kazi zinazouzunguka mchezo: kuandaa mazoezi, kuwaongoza wenzake, kupima utimamu wa mwili, kuchezesha mechi, kuzuia majeraha, na kumsaidia mtu asiyecheza kabisa aanze kucheza. Nchini Uingereza, hasa England, wanafunzi huanza kukisoma wakiwa na miaka 14 hivi, pamoja na masomo ya lazima kama hisabati, Kiingereza na sayansi, na hukimaliza wakiwa na miaka 16. Anayependa huendelea na ngazi ya juu yake hadi miaka 18.

Wazazi wengi husikia neno "michezo" wakadhani mtoto amechagua kipindi cha kukimbiza mpira na atapewa alama kwa mabao anayofunga. Sivyo. Ustadi wake uwanjani unahesabiwa, ila ni kipande tu. Sehemu kubwa ya alama inatokana na anavyomtendea mtu mwingine anayecheza: je, amemwandaa vizuri, amemsahihisha kwa namna inayofaa, amelinda afya yake, anajua kwa nini amempa zoezi hili na si lile? Ndiyo maana mchezaji hodari wa shule anaweza kupata alama za kawaida, na mwenzake asiyewahi kuingia kwenye kikosi akapata daraja la juu.

Vyeti vyenyewe viko vya aina kadhaa kwa sababu bodi za mitihani ni nyingi. Jina linalosikika zaidi ni BTEC, ambalo asili yake ni baraza la elimu ya biashara na teknolojia lililoundwa miaka ya 1980, na leo vyeti hivyo hutolewa na kampuni ya Pearson. Kwa umri wa miaka 14 hadi 16, cheti chao kinaitwa BTEC Tech Award in Sport. Bodi ya OCR inatoa vyeti viwili viitwavyo Cambridge National: kimoja cha masomo ya michezo, ambacho mtihani wake unagusa mambo kama maadili, dawa za kuongeza nguvu na faida au hasara za kuandaa mashindano makubwa, kingine cha sayansi ya michezo, ambacho mtihani wake unahusu majeraha na namna ya kuyaepuka. Kwa hiyo watoto wawili wa shule mbili tofauti wanaweza kusema wote "nasoma michezo" na wakawa wanasoma mambo yanayotofautiana sana. Ukitaka kumsaidia mtoto, anza kwa kujua jina kamili la cheti chake na bodi inayokitoa.

Kuna pia GCSE (cheti cha kawaida cha kila somo ambacho wanafunzi wa England hufanyia mtihani wakiwa na miaka 16) ya elimu ya viungo, na hapo ndipo watu huchanganya. Ile ni ya mkondo wa kitaaluma. Asilimia 60 ya alama zake ni mitihani ya kuandika, na asilimia 40 ni vitendo, ambavyo ndani yake mwanafunzi anapimwa uwezo wake mwenyewe katika michezo mitatu. Katika Tech Award mambo yamegeuzwa: asilimia 60 ni kazi zinazofanyika shuleni wakati masomo yakiendelea, na asilimia 40 ni mtihani wa mwisho. Kazi hizo za shuleni hazitungwi na mwalimu apendavyo. Bodi ndiyo inayozitoa, zinafanywa kwa saa zilizowekwa na chini ya usimamizi, mwalimu anazisahihisha, kisha bodi inachukua sampuli na kuhakiki kama alama zimetolewa kwa haki.

Tuzitazame sehemu zake tatu, maana humo ndimo kiini cha kozi kilipo.

Sehemu ya kwanza inahusu kumwandaa mtu kushiriki michezo. Mwanafunzi hupewa maelezo ya mtu fulani wa kubuni. Tuseme ni mvulana wa miaka 13 mwenye pumu, anayetaka kuanza mpira wa kikapu lakini familia yake haina pesa nyingi na yeye mwenyewe haamini kwamba anaweza. Kutokana na maelezo hayo mwanafunzi anatakiwa aonyeshe ni mahali gani pangemfaa. Klabu ya kujitolea ada yake ni nafuu, ila vifaa vyake huenda vikawa vichache. Kituo cha binafsi kina vifaa vizuri, lakini gharama inaweza kumkwamisha. Kituo cha halmashauri kiko katikati. Kisha anaeleza vizuizi vinavyomzuia kijana huyo na namna ya kuviondoa, pamoja na vifaa na teknolojia itakayomsaidia.

Baada ya hapo anaingia ukumbini na kuongoza kupasha mwili moto. Hapa ndipo utamwona mwanafunzi aliyeelewa na yule aliyekariri. Kupasha mwili kuna hatua tatu. Kwanza ni kuongeza mapigo ya moyo pole pole, mathalani kukimbia kidogo kuzunguka uwanja huku ukidunda mpira. Pili ni kulegeza maungio: kuzungusha mabega, nyonga, vifundo vya miguu. Tatu ni kunyoosha misuli itakayotumika, kama ile ya nyuma ya paja na shavu la mguu. Aliyekariri atazipitia zote tatu kama zilivyo kwenye daftari. Aliyeelewa atakumbuka kwamba kijana wake ana pumu: ataanza taratibu zaidi na kuirefusha hatua ya kwanza, ataweka mapumziko, atahakikisha dawa yake ya kuvuta iko pembeni ya uwanja na si ndani ya begi chumba cha kubadilishia nguo, na akimwona anahema kwa shida atasimamisha zoezi bila kumuaibisha mbele ya wengine. Kwangu mimi, dakika hizo chache zina elimu nyingi kuliko kurasa kumi za nadharia, kwa sababu mwanafunzi analazimika kumfikiria mtu mwingine kwa umakini.

Sehemu ya pili inarudi kwenye mchezo wenyewe. Mwanafunzi anachagua mchezo, anaonyesha mbinu zake kwanza katika mazoezi ya pekee na kisha katika hali ya ushindani, anajifunza sheria na majukumu ya waamuzi, halafu anapanga mazoezi ya kumfanya mwenzake awe bora na kuyaongoza. Sema mwenzake anapiga pasi za kifua zisizofika. Haitoshi kumwambia "ongeza nguvu". Lazima aone kwamba viwiko vimepanuka mno au mguu haupigi hatua mbele wakati wa kuachia mpira, amwonyeshe, ampe zoezi jepesi lisilo na mpinzani, kisha alipandishe ugumu kidogo kidogo. Wanafunzi wenye aibu hupata shida hapa, na ni vizuri mwalimu awape nafasi nyingi za kuongoza vikundi vidogo kabla ya siku ya kupimwa. Sauti ya kuongoza watu inajengeka kwa mazoezi kama pumzi ya mkimbiaji.

Sehemu ya tatu ndiyo ya mtihani wa kuandika, na huwashtua wengi waliodhani kozi hii haina mtihani. Mwanafunzi anapaswa kujua vipengele vya utimamu wa mwili: stamina, nguvu ya misuli, kasi, unyumbukaji, uwiano wa mafuta na misuli mwilini, na vile vya ustadi kama wepesi wa kubadili mwelekeo, mizani, na muda wa kuitikia. Kila kipengele kina vipimo vyake. Stamina, kwa mfano, inaweza kupimwa kwa kukimbia mita 20 kwenda na kurudi kwa kufuata mlio unaoharakishwa hatua kwa hatua, au kwa kukimbia dakika 12 na kupima umbali uliofikiwa.

Hesabu zipo, na si za kutisha. Kiwango cha juu cha mapigo ya moyo kinakadiriwa kwa kutoa umri kwenye 220. Kijana wa miaka 15 atapata 205 kwa dakika. Akitaka mazoezi yamjenge moyo na mapafu, mapigo yawe kati ya asilimia 60 na 85 ya kiwango hicho, yaani kati ya 123 na 174 hivi. Kama hana kifaa cha kupimia, kuna kipimo cha Borg, ambapo mtu mwenyewe anakadiria anavyojisikia kuchoka kuanzia 6 hadi 20. Namba hiyo ikizidishwa kwa 10 inatoa makadirio ya mapigo ya moyo: ukisema 13, mapigo yako ni kama 130. Swali la mtihani haliishii kwenye hesabu. Linaweza kumwonyesha mwanafunzi matokeo ya mtu aliyepimwa mara mbili, mara ya kwanza kwenye ukumbi mkavu na mara ya pili kwenye nyasi zenye unyevu, na kumuuliza kama matokeo hayo yanaweza kulinganishwa. Anayejibu vizuri ataeleza kwamba masharti ya kipimo yamebadilika, kwa hiyo hatuwezi kujua kama aliyebadilika ni mtu au ni uwanja. Hiyo ni sayansi kamili, na inauma kusikia watu wakiiita kozi ya wasioweza masomo.

Dharau hiyo ina historia yake. Kuna wakati baadhi ya vyeti vya amali nchini England vilihesabiwa kuwa sawa na GCSE nne kwenye takwimu za shule, na shule zikavutiwa kuwajaza wanafunzi humo ili zionekane zinafaulisha. Mwaka 2011 Profesa Alison Wolf aliwasilisha ripoti kwa serikali akikosoa mtindo huo. Baada ya hapo kila cheti cha aina hii kikahesabiwa kama GCSE moja tu, na vyeti vikatakiwa kuwa na sehemu inayopimwa kutoka nje ya shule. Mtihani wa asilimia 40 unaolalamikiwa na wanafunzi leo ni zao la mageuzi hayo, na kwa maoni yangu ndio uliokipa cheti heshima.

Madaraja ya Tech Award yanaanzia Pass (kufaulu), Merit (vizuri) na Distinction (vizuri sana) za ngazi ya 1, kisha zile za ngazi ya 2, na juu kabisa Distinction yenye nyota. Pass ya ngazi ya 2 inahesabiwa sawa na daraja la 4 la GCSE, ambayo madaraja yake ni 1 hadi 9 na 9 ndiyo ya juu, na ile ya nyota iko kati ya 8 na 9. Kinachomtofautisha mwanafunzi wa Pass na wa Distinction mara nyingi ni kitenzi cha swali. Kutaja ni jambo moja, kueleza ni jingine, kutathmini ni jingine kabisa. Anayeandika "kukimbia kunaongeza stamina" ametaja. Anayeeleza kwa nini moyo unaozoezwa unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo ameeleza. Anayepima kama kukimbia kunamfaa mtu mwenye maumivu ya goti, au afadhali aogelee, ametathmini.

Baada ya miaka 16 kuna ngazi ya 3, BTEC National. Ukubwa wake umekuwa ukitofautiana: upo unaolingana na A-level moja (A-level ni cheti cha kitaaluma cha somo moja, kinachosomwa hadi miaka 18), upo wa mbili, na upo wa tatu. Humo anatomia na fiziolojia huwa nzito. Vyuo vikuu vingi hupokea vyeti hivyo, na kwenye pointi za UCAS, shirika linalopokea maombi ya kujiunga na vyuo vikuu vya Uingereza, Distinction yenye nyota katika kozi ya ukubwa wa A-level moja ina pointi 56, sawasawa na A yenye nyota. Hata hivyo pointi si kila kitu. Anayetaka kusomea tiba ya viungo asome masharti ya kila chuo mapema, kwa kuwa baadhi hudai A-level ya biolojia. Tena ngazi hii iko kwenye mabadiliko: serikali imekuwa ikipunguza baadhi ya kozi zake na kuleta mpya, hivyo usitegemee maelezo ya kaka au dada aliyesoma miaka michache iliyopita.

Niseme na kisichopatikana humu, maana ndipo vijana wengi huvunjika moyo baadaye. Cheti cha amali cha michezo hakimfanyi mtu kuwa kocha mwenye leseni. Hakimruhusu kusimamia gimu, wala kuwa mwokoaji kwenye bwawa la kuogelea. Kazi hizo zina vyeti vyake, vinavyotolewa na vyama vya michezo na taasisi husika. Chama cha soka cha England kwa mfano kina kozi yake ya waamuzi wa mechi, ambayo kijana anaweza kuifanya kuanzia miaka 14. Mwalimu wa shule wa elimu ya viungo anahitaji shahada na mafunzo ya ualimu juu yake. Kinachotolewa na cheti hiki ni msingi, ambao mwanafunzi mwenye bidii huujengea kwa kujitolea kwenye klabu ya mtaa au kuchezesha mechi za watoto wikiendi.

Mtoto anapochagua masomo, muulizeni mwalimu mtihani utafanyika mwaka gani, kazi za shuleni zimepangwa lini, na kama shule ina ukumbi wa kutosha kipindi cha kupimwa. Muulizeni pia mtoto mwenyewe kama yuko tayari kuandika. Kila anachofanya uwanjani lazima kiwe na ushahidi, uwe mpango aliouandika, video, au fomu ya mwalimu aliyemtazama, na zoezi zuri lisilo na ushahidi wowote haliingizi alama.