Mafuta ya breki si mafuta

Juzi nimelisikia tena neno "mafuta". Jamaa yangu mwenye Land Rover 109 ya zamani kama yangu kanipigia simu: "Kaka, gurudumu la nyuma linavuja mafuta." Nikamuuliza, mafuta gani? Akacheka. "Mafuta bwana, nayo yana kabila?"

Yana kabila.

Maana yenyewe haina mambo mengi. Mafuta ya breki ni kimiminika kinachobeba nguvu ya mguu wako kutoka kwenye pedeli hadi magurudumuni. Ukikanyaga, masta silinda, yaani pampu ya breki, inakisukuma kwenye vibomba, na kule mwisho wili silinda, silinda ndogo ya kwenye gurudumu, inazitanua brekishuu mpaka ziibane dramu inayozunguka na gurudumu. Kimiminika hakikubali kushindiliwa, hewa inakubali, ndiyo maana upepo ukiingia pedeli inazama na fundi analazimika kuutoa. Basi. Kinachoniudhi mimi ni jina.

Neno mafuta ni kongwe na ni la kwetu. Wakikuyu wanasema maguta, Wazulu amafutha, Washona na Wachewa mafuta vilevile kama sisi. Ndani yake mna unono, kile kinachotoka kwenye nyama, kwenye nazi, kwenye ufuta. Baadaye likatanuka: ya taa, ya kujipaka, na magari yalipokuja, petroli na dizeli nazo zikaingia humo humo. Leo ukisema umepitia kituoni kuweka mafuta, hakuna anayefikiria kikaango. Sina ugomvi na kutanuka huko, kwa sababu vyote hivyo, kuanzia samli hadi dizeli, vina tabia moja ambayo kila aliyewahi kuosha sufuria anaijua: havipatani na maji.

Mafuta ya breki ya kawaida yanapatana na maji kupita kiasi. Yametengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli, na yanaufyonza unyevu kutoka hewani kupitia mipira na tundu la kifuniko. Kopo likikaa wazi, hasa huku pwani, linakunywa unyevu lenyewe. Kwa hiyo tunaloliita mafuta limekosa ile sifa moja inayoyafanya mafuta kuwa mafuta.

Ni haki niseme kwamba zamani jina lisingekuwa na kosa. Breki za haidroliki zilipoanza kuenea kwenye magari, miaka ya 1920, vimiminika vilivyotumika vilikuwa pamoja na mchanganyiko wa alkoholi na mafuta ya mbarika, haya haya ya nyonyo ambayo bibi zetu walitunywesha kusafisha tumbo. Mbarika haukuwa unaziumiza raba za asili za wakati ule. Glaikoli ikaja kushika nafasi. Na zipo Citroën, kama DS za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, zinazotumia mafuta ya madini ya kweli, ya kijani, kwenye mfumo unaoendesha breki na springi pamoja. Ila raba za gari hizo zilitengenezwa kwa ajili hiyo. Mwenye DS anajijua.

Sasa turudi kwenye kuvuja, maana hapa ndipo neno linapokula hela ya mtu. Kwenye 109 gurudumu la nyuma likilowa upande wa ndani, watuhumiwa ni wawili: oili ya difu (ya gia za ekseli ya nyuma) iliyopita kwenye sili ya habu, ile raba ya kuzuia oili kwenye kitovu cha gurudumu, au mafuta ya breki yanayotoka kwenye wili silinda. Wote wawili wanaitwa "mafuta yanavuja". Mwaka ule lilipovuja la kwangu, kushoto nyuma, nilimwambia fundi maneno hayo hayo, naye akafanya nilichomwambia: akabadilisha sili ya habu. Wiki mbili baadaye tairi limelowa tena na kikopo cha breki kimeshuka chini ya alama. Fundi hakukosea sana. Mimi ndiye niliyempa neno bovu.

Nilichopaswa kufanya ni hiki. Chota tone kwa kidole, litie kwenye glasi ya maji, koroga. Likitanda juu na kung'aa rangi za upinde wa mvua, hiyo ni oili, na ya difu mara nyingi ina harufu kama ya kiberiti. Likipotea ndani ya maji, ni breki. La kwangu lilipotea. Hata bila glasi dalili ilikuwepo, nami nikaipita: rangi nyeusi ya bamba la nyuma ya dramu ilikuwa imevimba na kubabuka kama ngozi iliyomwagikiwa uji wa moto. Oili ya difu inachafua rangi tu. Glaikoli inaibandua.

Dawa yake haikuwa ngumu. Tulifungua dramu, tukakuta vikombe vya raba vya wili silinda vimechakaa na ukuta wa ndani una mashimo ya kutu, zao la yale maji yaliyofyonzwa miaka yote. Ukuta ukishaliwa hivyo, raba mpya hazidumu, kwa hiyo nilinunua silinda nzima. Brekishuu zilizolowa nilizitupa, na nikabadilisha za pande zote mbili ili gari lisivute upande mmoja. Tuliosha kwa spiriti, si kwa petroli, kisha tukatoa upepo tukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda.

Kwa nini si petroli? Kwa sababu hiyo hiyo inayonifanya nisumbuke na jina. Raba za mfumo huu haziwezi kuvumilia mafuta ya kweli. Nimeona masta silinda ya pickup moja iliyojaziwa oili ya injini na mtu aliyeamini kuwa mafuta ni mafuta: raba zilikuwa zimevimba na kulainika kama mkate uliotumbukia kwenye chai. Breki zilishika na kugoma kuachia. Hapo hutoi upepo. Hapo unabadilisha kila raba kuanzia juu hadi chini, na vibomba unaviosha.

Na yale maji yana hesabu yake. DOT 4, moja ya madaraja ya mafuta ya breki yanayoandikwa kwenye kopo, ikiwa mbichi haichemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishafyonza maji kama asilimia 3.7, kiwango cha chini cha kuchemka kinachotakiwa ni 155 tu. Sasa teremka na 109 iliyojaa mizigo kutoka Lushoto hadi Mombo, kona baada ya kona, mguu kwenye breki. Kimiminika kikichemka kinageuka mvuke, mvuke unashindilika, na pedeli inakwenda na sakafu wakati kikopo kimejaa.

Sisemi tuache kuliita mafuta ya breki. Limeshakaa mdomoni na mimi mwenyewe dukani nalitamka hivyo hivyo, naongeza tu DOT 3 au DOT 4, na naikwepa DOT 5 yenye silikoni, ambayo haichanganywi na hizi. Ninachoomba ni kwamba chombo kikivuja, usiishie kwenye "mafuta". Malizia: ya breki, au ya difu. Jamaa yangu nilimwambia akatafute glasi ya maji kwanza. Hajanipigia bado.