Kabla ya kuongeza mshahara, angalia tarehe ya kuulipa

Serikali ikitangaza nafasi za ualimu, shule binafsi za Arusha na Moshi hutikisika. Mwalimu wa Fizikia anaaga katikati ya muhula, Kidato cha Nne wanabaki hawana mtu na mtihani wa NECTA uko mlangoni. Kazi yangu ni kuzishauri shule kuhusu utumishi, na wamiliki huniuliza waongeze shilingi ngapi ili watu watulie. Mimi huuliza kwanza: mshahara hapa hutoka tarehe ngapi?

Mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh, Marekani. Waliona kuwa yanayomuudhi mtu kazini na yanayomfurahisha ni mambo mawili tofauti. Malipo na usimamizi vikiwa vibaya, vinaudhi. Furaha hutoka kwenye mafanikio, kutambuliwa na kazi yenyewe. Walimu ninaoongea nao furaha hiyo wanayo. Wanafunzi wao wanafaulu, wazazi wanawashukuru. Wanafukuzwa na maudhi.

Arusha wazazi wengi wanategemea utalii. Masika yakiingia wageni hupungua, ada inasuasua, na mshahara wa Mei unalipwa nusu Juni. Mkataba unaisha Desemba bila mtu kusema kama Januari utahuishwa. Linaloniuma zaidi ni NSSF: makato yako kwenye hati ya mshahara, lakini mwalimu akiangalia michango yake anakuta miezi mitupu. Ile ni fedha yake, imeshakatwa! Shule za bweni zina zamu za prepo, yaani kusimamia wanafunzi wakijisomea usiku, na za wikiendi pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na za ziada zilipwe mara moja na nusu. Matroni ndio husahaulika kabisa.

Nimewaona walimu wakienda serikalini kwa mshahara mdogo kuliko waliouacha, kwa sababu wa serikali una tarehe. Kwa hiyo mmiliki asiye na fedha za kuongeza aanze hivi: atenge sehemu ya ada ya Januari kwa mishahara ya Aprili na Mei, apeleke michango kila mwezi, na barua za mikataba zitoke Oktoba, mwalimu akiwa bado na muda wa kupanga maisha yake.