Takwimu hazimpigii mwanafunzi simu

Wengi wakisikia chuo "kinapanga kwa takwimu", hudhani kimenunua programu ya bei mbaya, kompyuta ikatoa majibu, kazi ikaisha. Mfano wanaopenda kuutaja ni Georgia State University, Atlanta, Marekani. Tangu 2012 mfumo wa chuo hicho hukagua kila siku dalili zaidi ya 800 za mwanafunzi anayeanza kuyumba: kajisajili somo lisilohitajika kwenye shahada yake, au kapata alama hafifu katika somo la msingi.

Kinachosahaulika ni bajeti. Chuo kiliajiri washauri wa masomo 42 zaidi, ili dalili ikionekana awepo mtu wa kumtafuta mwanafunzi. Bila hao, mfumo ungebaki pambo (na mapambo ya aina hiyo tunayaona vyuo vingi).

Halafu kuna takwimu za ada, ambazo kwa kawaida huishia kwa wahasibu. Zilipowekwa pamoja na za taaluma, ikaonekana kwamba baadhi ya waliofutiwa usajili walikaribia kuhitimu, wakidaiwa kiasi kidogo tu. Mwaka 2011 chuo kikaanza kuwajazia pengo hilo, bila kusubiri waombe.