Mchango ni wako, lakini sehemu yake inalipwa na Hazina

Kazi yangu ni kodi za watu binafsi. Mwaka wa kodi unapokaribia kufungwa, swali linalorudi ni lilelile: nikiichangia hospitali, shule au nyumba ya ibada, kodi yangu itapungua? Jibu lake limo kwenye sheria ya kila nchi na halinichukui muda. Gumu ni lile ambalo wateja hawaliulizi: je, ni sawa ipungue?

Tuanze na hesabu, maana wengi wanaobishana juu ya jambo hili hawajaipiga. Chukua watu watatu, kila mmoja katoa 1,000, na sheria inaruhusu mchango uondolewe kwenye mapato kabla ya kodi kukokotolewa. Wa kwanza ana mapato makubwa, na kiwango chake cha juu cha kodi ni asilimia 40. Mchango umempunguzia kodi ya 400, hivyo zilizomtoka hasa ni 600. Wa pili yuko kwenye asilimia 20, naye zimemtoka 800. Wa tatu mapato yake hayafikii kiwango cha kutozwa kodi, kwa hiyo zimemtoka 1,000 zote. Shirika limepokea kiasi kilekile kutoka kwa kila mmoja, lakini mwenye kidogo ndiye aliyetoa kwa gharama kubwa kuliko wote.

Zile 400 hazikuanguka kutoka mbinguni. Ni fedha ambazo Hazina ingezikusanya. Ama walipakodi wengine watazifidia, ama kuna huduma itakayopungua. Ukitazama hivyo, mchango wa yule tajiri ni 600 zake na 400 za umma, na ni yeye peke yake aliyeamua zote ziende wapi. Bunge halikuulizwa.

Jambo hili lilisemwa zamani. Mwaka 1863 William Gladstone, akiwa Waziri wa Fedha wa Uingereza, aliwaambia wabunge kwamba kuyasamehe mashirika ya hisani kodi ya mapato ni kuyapa fedha za umma, ila tu fedha hizo zinatolewa gizani, bila mjadala wa kila mwaka na bila ukaguzi. Alitaka msamaha huo ufutwe. Mashirika yalimjia juu kwa pamoja, akaliondoa pendekezo lake. Karne moja baadaye Stanley Surrey, mwanasheria wa Harvard aliyefanya kazi katika Wizara ya Fedha ya Marekani miaka ya 1960, aliandaa orodha ya nafuu za namna hii na kuzihesabu kuwa ni matumizi ya serikali yanayopitia mlango wa kodi. Sheria ya bajeti ya nchi hiyo ya mwaka 1974 ikaifanya orodha hiyo kuwa ya lazima.

Upande wa pili una hoja moja ninayoiheshimu. Kodi ya mapato inapima uwezo wa mtu kutumia au kujiwekea akiba. Aliyetoa mchango hakutumia wala hakujiwekea, kwa hiyo kumtoza kodi kwa fedha iliyokwenda kumlisha mwingine ni kumtoza kwa kitu asichonacho. William Andrews, mwanasheria mwingine wa Harvard, aliijenga hoja hii vizuri mwaka 1972. Kwa mtazamo wake hapa hakuna tuzo wala ruzuku, bali ni kupima mapato sawasawa. Yule wa asilimia 40 anapata 400 kwa kuwa ndizo ambazo angetozwa.

Hoja hii inasimama imara mtu anapowalisha wenye njaa. Inaanza kuyumba anapochangia jumba la sanaa analolitembelea mwenyewe, au shule wanayosoma wanawe, au jengo litakaloandikwa jina lake mlangoni. Hapo sehemu ya matumizi imebaki kwake. Lakini kinachoiangusha kabisa, kwangu mimi, ni ndugu. Anayemlipia mpwa wake karo, au anayelipa gharama za matibabu za shangazi yake, naye hakuitumia fedha hiyo, na mara nyingi imemuuma kuliko mchango wowote wa hadhara. Mifumo mingi ya kodi haimpi chochote. Kama sababu ya kweli ingekuwa kupima mapato sawasawa, huyu ndiye angekuwa wa kwanza kukumbukwa. Asipokumbukwa, basi sheria haipimi mapato. Inachagua ni utoaji gani iuchangie, na anayechagua wa kuchangia anapaswa kueleza kwa nini.

Kuna wanaopinga kutoka upande mwingine kabisa. Kutoa ni moyo, wanasema, na moyo hauhitaji stakabadhi, ukiulipa, umeuharibu. Hoja hii hainisumbui sana. Serikali haina mizani ya kupima nia, na mgonjwa aliyepata dawa haponi polepole eti kwa kuwa aliyezinunua alipunguziwa kodi. Malaysia, zaka ya mtu binafsi iliyolipwa kwa mamlaka rasmi hukatwa kwenye kodi yenyewe, ringgit kwa ringgit, na sijaona kwa nini zaka hiyo ihesabiwe kuwa pungufu.

Linalonishughulisha zaidi ni kama nafuu hii inaleta kitu. Kinachomtoka mtu hasa baada ya kodi kupungua wachumi hukiita bei ya kutoa: kwa yule wa asilimia 40, bei ya kutoa 1 ni 0.60. Bei ikishuka watu watoe zaidi, ila zaidi kwa kiasi gani? Ikiwa kila 1 ambayo Hazina inaiacha inaongeza zaidi ya 1 kwenye michango, umma umefaidika hata kwa hesabu kavu. Ikiongeza chini ya hapo, kwa hesabu hiyohiyo ingekuwa nafuu zaidi serikali kuyapa mashirika fedha moja kwa moja. Tafiti za Marekani za miaka ya 1970, zikiongozwa na Martin Feldstein, zilionyesha nambari za kutia moyo. Kisha mwaka 1995 William Randolph alizifuata rekodi za walipakodi walewale mwaka hadi mwaka, akaona kwamba sehemu kubwa ya mwitikio ule ilikuwa ni kuhamisha tarehe. Watu walitoa zaidi katika mwaka ambao kiwango chao kilikuwa juu, wakapunguza uliofuata. Mwitikio wa kudumu ulikuwa mdogo zaidi. Kwa mtu wa kazi yangu hilo si la kushangaza hata kidogo. Nusu ya ushauri tunaoutoa kuhusu michango ni kuhusu mwezi wa kutoa.

Umbo la nafuu lina uzito kama kiasi chake. Catherine Eckel na Philip Grossman walifanya jaribio, matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Baadhi ya watu waliambiwa watarudishiwa sehemu ya mchango wao. Wengine waliambiwa shirika litaongezewa juu ya mchango wao. Nyongeza na marejesho vilipangwa viwe sawa kihesabu, lakini mashirika yalipata zaidi kwa njia ya nyongeza. Uingereza inao mfumo unaokaribia huo, Gift Aid, ulioanza mwaka 1990: ukitoa pauni 1 kutoka kwenye mapato uliyokwisha kuyalipia kodi, shirika linadai peni 25 kutoka Hazina. Mwenye mapato ya juu bado anaweza kujidaia tofauti kati ya kiwango chake cha kodi na kile cha msingi, na hapo ningekata. Hiyo tofauti ndiyo tuzo, nayo inampata asiyeihitaji.

Marekani ilichukua njia nyingine. Makato ya michango yaliingia mwaka 1917, wakati wa vita, wabunge wakihofia kwamba viwango vipya vya juu vya kodi vingewafanya matajiri waache kuvichangia vyuo na hospitali. Tangu mwanzo yalikuwa kifaa cha wenye mapato makubwa, na mabadiliko ya mwaka 2018 yakalidhihirisha hilo. Kato la jumla ambalo kila mlipakodi anaruhusiwa kulichukua liliongezwa karibu maradufu, na waliokuwa wakiorodhesha makato yao moja moja, ndio pekee waliofaidika na makato ya michango, wakashuka kutoka takriban theluthi moja ya walipakodi hadi takriban mmoja kati ya kumi. Waliobaki waliendelea kutoa bila kupata kitu, ukiacha nafuu ndogo ya muda ya 2020 na 2021. Kuanzia 2026 nao wamefunguliwa kijidirisha: makato ya hadi dola 1,000 kwa mtu mmoja na 2,000 kwa wanandoa.

Watu huniuliza pia kama tajiri anaweza kupata faida kwa kutoa. Kwa fedha taslimu, hapana. Maadamu kiwango cha kodi kiko chini ya asilimia 100, atabaki na pungufu ya alivyokuwa. Mlango unafunguka pale mchango unapokuwa kitu kinachohitaji kukadiriwa thamani. Mfano ninaoupenda, kama kupenda ndilo neno, ni wa haki za hifadhi ya ardhi huko Marekani. Kundi la wawekezaji linanunua shamba, mthamini anasema shamba lina thamani mara nyingi ya bei iliyolipwa, kisha wanaahidi kutoliendeleza milele na kuitoa ahadi hiyo kama mchango. Ukiweka 1,000, ukaruhusiwa makato ya 4,000 kwa kiwango cha asilimia 37, kodi inapungua kwa 1,480. Umetoa sadaka ukapata 480. Desemba 2022 bunge la nchi hiyo liliweka kikomo cha mara 2.5 ya kilichowekezwa. Piga hesabu uone kwa nini 2.5: asilimia 37 ya 2,500 ni 925, chini kidogo ya 1,000. Aliyeandika kifungu kile alikuwa na kikokotoo mezani.

Tatizo jingine halina udanganyifu wowote. Kuna akaunti za michango ambamo Mmarekani anaweka fedha leo, anapata makato yake leo, na fedha zinaweza kukaa miaka kumi kabla ya kufika kwa shirika linalofanya kazi. Sheria haidai zitoke kwa wakati fulani. Hazina imekwisha kulipa sehemu yake, mwenye njaa anasubiri. Ningefungamanisha nafuu na siku fedha zinapofika, basi.

Wananchi wenyewe huwa hawaioni hesabu hii mpaka litokee tukio kubwa. Kanisa la Notre-Dame lilipoungua mjini Paris tarehe 15 Aprili 2019, ahadi za mamia ya mamilioni ya yuro zilitolewa ndani ya siku chache. Jean-Jacques Aillagon, aliyewahi kuwa Waziri wa Utamaduni, akapendekeza asilimia 90 ya mchango ikatwe kwenye kodi ya mtoaji. Wafaransa waligutuka: kumbe sehemu kubwa tungeilipa sisi! Familia ya Pinault, iliyoahidi yuro milioni 100, ikatangaza kwamba haitadai nafuu yoyote. Sheria iliyopitishwa Julai ilitoa asilimia 75 kwa watu binafsi, lakini kwa yuro 1,000 za kwanza tu. Hilo ni umbo zuri kuliko mengi ninayoyajua, kwa sababu kiwango ni kimoja kwa kila anayelipa kodi na kikomo kinamfikiria mtoaji wa kawaida.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: umma uchangie, kwa kiwango kimoja, fedha ziende kwa shirika, na jumla yake isomwe bungeni pamoja na bajeti nyingine. Kufika huko ni kazi. Mwaka 2012 George Osborne, naye Waziri wa Fedha wa Uingereza, alitaka nafuu za kodi zisizidi pauni 50,000 au robo ya mapato, kile kilicho kikubwa, michango ikiwemo, na serikali ikaieleza hatua hiyo kama vita dhidi ya wakwepa kodi. Watoaji wakajiona wametukanwa, vyuo vikuu na mashirika yakapiga kelele kama mwaka 1863, na kabla ya Juni akarudi nyuma. Kikomo kilianza Aprili 2013 kwa nafuu nyingine kadhaa. Michango iliachwa nje.